Jiko la gesi likisumbua, anza kwa kuutazama moto wake

Jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam alinunua gesi mara mbili ndani ya wiki tatu, akaamini kabisa kwamba anauziwa mitungi pungufu. Jiko lake la pleti mbili lilikuwa linawaka kinyonge upande mmoja, moto wa njano unaochezacheza, na sufuria zimeota masizi hadi maji ya kuoshea yanatoka meusi kama wino. Aliponiita nilitazame, sikugusa mtungi. Niliinua kofia ya kichomeo, nikaielekeza dirishani na kuchungulia matundu yake. Ya upande mmoja karibu yote yalikuwa yamezibwa na uji uliofurika na kukaukia humo, siku baada ya siku. Maji ya moto yenye sabuni, mswaki mkuukuu na sindano ya kushonea, na baada ya nusu saa moto ulirudi kuwa bluu. Mtungi wenyewe ulikuwa mzima, na gesi yake ilikuwa kamili.

Nimeshika majiko ya nyumbani kwetu, ya ndugu na ya majirani kwa miaka sasa, na mengi niliyoitiwa hayakuhitaji kununuliwa jipya. Yalikuwa na uchafu, au mpira uliochoka, au kitu kilichokaa upande. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wetu tumehama kutoka mkaa bila mtu wa kutueleza gesi inavyofanya kazi. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 sasa utaiona hadi vijijini, lakini maelezo hayasafiri nayo. Mkaa ukisinzia unaupepea. Gesi ikisinzia, kuna sababu, na sababu hiyo mara nyingi moto wenyewe unaionyesha.

Kwa hiyo tutaanzia kwenye moto na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea mtungi. Isipokuwa jambo moja linalotangulia yote.

Ukisikia harufu, ufundi unasubiri

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na kwa asili haina harufu. Ile harufu kama ya kabichi iliyooza huongezwa makusudi ili pua ikuonye. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kabati, nyuma ya ndoo, kwenye tundu la kutolea maji. Ndiyo maana kufungua kidirisha cha juu peke yake hakusaidii sana. Fungua mlango, gesi ipate njia ya kutokea chini. Na haihitaji kujaa chumba. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa, cheche moja inatosha.

Fanya hivi, kwa mfuatano huu:

1. Zima moto wowote unaowaka, pamoja na mshumaa, ubani na jiko la mkaa la uani.
2. Funga mtungi kwenye vali yake au kwenye regyuleta, kile kifaa kinachokaa juu ya mtungi na kuingiwa na mpira wa gesi.
3. Fungua milango, kisha madirisha.
4. Usiguse swichi yoyote ya umeme. Usiwashe taa, usizime taa, usiwashe feni ili "kuifukuza" gesi. Kubofya swichi kunatoa cheche ndogo ambayo huioni.
5. Toa watoto na wazee nje, na simu ipigiwe huko nje.
6. Mtungi ukikataa kufungika, au kama unasikia gesi inatoka kwa kishindo, ondokeni wote na mpige 114, namba ya Zimamoto kwa Tanzania.

Harufu hafifu inayokuja gesi inapokaribia kwisha hutokea, kwa sababu ile dawa ya harufu hubaki nyingi chini ya mtungi. Lakini usijipe jibu hilo kabla hujapima kwa povu.

Kupima kwa povu

Hakuna kipimo cha nyumbani kinachokishinda hiki, na hakuna kilicho hatari kama kile cha kuwasha kibiriti "uone kama panashika". Nimeona mtu mzima akifanya hivyo mbele ya wanawe. Panashika kweli.

Chukua bakuli, tia maji kidogo na sabuni ya kuoshea vyombo, upige hadi povu lisimame. Swichi zote za jiko ziwe zimefungwa, kisha fungua mtungi. Kwa sifongo au brashi laini pakaza povu kwenye kila maungio: regyuleta inapokaa juu ya mtungi, mpira unapoingia kwenye regyuleta, mpira wenyewe kwa urefu wake wote, na unapoingia kwenye jiko. Tulia, utazame kama dakika moja kila mahali. Penye uvujaji utaona vipovu vipya vinazaliwa na kukua vyenyewe. Uvujaji mdogo unatoa vipovu vidogo sana, vyeupe, kama mapovu ya mate ya mtoto. Inama, weka jicho karibu.

Povu likichemka pale regyuleta inapokutana na mtungi, funga gesi, itoe regyuleta, uchungulie mdomo wa vali. Kwenye mitungi mingi utaona humo kipete chembamba cha mpira mweusi. Kikiwa kimepasuka, kimelala upande au hakipo kabisa, hapo ndipo gesi inapopita. Mtungi huo rudisha dukani ubadilishiwe. Usikubali muuzaji akuwekee kipande cha nailoni au cha tyubu ya baiskeli, hata akisema wateja wote anawafanyia hivyo. Kama kipete ni kizima, futa vumbi, kalisha regyuleta upya hadi isikike ikijifunga, pima tena. Ikiendelea kuvuja, huenda regyuleta si ya saizi ya vali hiyo. Vali za kampuni mbalimbali hazilingani zote, na inayokaa kwa kulazimishwa haijakaa.

Povu likitoka kwenye ncha za mpira, kaza klipu kwa bisibisi. Kama ncha imepanuka na kuwa ngumu, mtungi ukiwa umefungwa, kata kipande cha sentimita mbili kwa kisu kikali, usukume upya hadi mwisho, kisha ukaze. Kufunga kwa waya wa umeme au mpira wa ndani wa gari siyo kukaza.

Povu likitoka katikati ya mpira, hapo hakuna gundi wala plasta. Nunua mpira mpya, ule wa gesi, si wa kumwagilia bustani. Hata kama hauvuji, ukunje kwa vidole: ukiona nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino, muda wake umekwisha. Mipira mingi ina mwaka ulioandikwa ubavuni. Na kagua sehemu inayopita nyuma ya kabati, maana panya huipenda.

Sasa tazama moto

Washa jiko, zima taa ya jikoni au subiri jioni, uangalie. Moto mzima ni wa bluu, umetulia, kila tundu lina ulimi wake mdogo wenye kiini kilichochongoka, na hauna kelele zaidi ya mvumo hafifu.

Njano inayochezacheza na kuacha masizi maana yake gesi haipati hewa ya kutosha. Moto unaoruka juu ya matundu, kama umeinuliwa, na kuvuma kwa nguvu, unapata hewa kupita kiasi au gesi inakuja kwa kasi kubwa mno. Moto mdogo kwenye pleti zote ni tatizo la nyuma: regyuleta, mpira, mtungi. Mdogo kwenye pleti moja tu ni tatizo la pleti hiyo. Tofauti hii ya mwisho itakuokolea fedha nyingi kuliko kifaa chochote.

Vimulimuli vya rangi ya chungwa vinavyokuja na kuondoka, hasa mtu akiwa anafagia au maji ya chumvi yamemwagikia jiko, ni vumbi na chumvi vinaungua. Havina neno.

Moto wa njano

Usiuache kwa kuwa eti chakula kinaiva. Mbali na masizi na gesi inayopotea, moto wa njano unaweza kutoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo watu hufa nayo wakilala na jiko la mkaa ndani. Jikoni mwenye dirisha dogo hilo si jambo la kesho.

Funga mtungi, acha jiko lipoe kabisa. Inua kofia ya kichomeo na pete iliyo chini yake, na kumbuka zilivyokaa, maana nyingi zina vijino vinavyoingia mahali pamoja tu. Ziloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni robo saa. Sugua kwa mswaki. Kutu ikiwa imeshika, tumia stilwaya. Kila tundu lipitishe sindano au kijiti cha kuchokolea meno. Halafu kausha. Hapa wengi hukosea: kofia ikirudishwa na maji ndani, moto unakohoa na kuzimika, mtu anadhani ameharibu zaidi. Ianike juani hadi ikauke ndani na nje. Sisi wa pwani, ambako hewa ya chumvi inakula chuma, tungefanya usafi huu kila mwezi bila kungoja tatizo.

Kama njano imebaki, shuka chini. Geuza jiko au fungua bati lake la juu, utaona bomba pana la kichomeo linavyopokea gesi kutoka kwenye kipini kidogo cha shaba chenye tundu jembamba sana. Hicho ni nozeli. Kati ya nozeli na bomba kuna nafasi, na hapo ndipo hewa inapoingia kuchanganyika na gesi. Chungulia ndani ya bomba kwa tochi. Mara nyingi kuliko unavyodhani utakuta utando wa buibui, hasa jiko lililokaa stoo. Utando mwembamba unatosha kuzuia hewa, na wakati mwingine unarudisha moto nyuma, ukawaka mle ndani ya bomba badala ya juu. Utasikia mvumo wa ajabu, na swichi inapata moto. Ukikutana na hilo, zima mara moja, acha lipoe, usafishe bomba kwa brashi ya chupa.

Majiko mengi yana kibati kinachozunguka kwenye lile tundu la hewa. Moto ukiwa wa njano, legeza skrubu yake na ukifungue kidogo, upana wa kucha tu, utazame. Moto ukianza kuruka, umezidisha, rudisha.

Nozeli yenyewe ukiona imeziba, ifungue kwa spana yake, uiloweke kwenye spiriti au maji ya sabuni, uipulize. Usiichokoe kwa sindano ya chuma wala msumari. Tundu lake ni dogo kuliko milimita moja na limepimwa. Ukilipanua hata kidogo, gesi inatoka nyingi kuliko hewa, na njano hiyo hutaiondoa tena bila kununua nozeli nyingine. Hali hiyohiyo hulipata jiko lililoletwa kutoka nchi za Ulaya ambako lilitumia gesi ya bomba. Nozeli za gesi ya bomba zina matundu makubwa zaidi, na lazima zibadilishwe kabla ya kuunganishwa na mtungi. Jiko zuri la mtumba likitoa masizi tangu siku ya kwanza, anzia hapo.

Moto mdogo kwenye pleti zote

Tazama mpira kwanza. Umekunjika? Umekaliwa na mguu wa meza? Nyoosha.

Kisha mtungi. Ubavuni au kwenye kola yake umeandikwa uzito wa mtungi mtupu. Ukisoma 7.2, mtungi wa kilo 6 uliojaa unatakiwa uwe kilo 13.2 kwenye mizani. Omba upimiwe dukani kabla ya kulipa. Hilo si tusi kwa muuzaji, ni haki yako.

Kama gesi imo na moto bado mdogo, jiulize hali ya hewa. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili iwe hewa ya kuchoma inahitaji joto kutoka nje. Butani inaacha kuchemka karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, propani inaendelea hadi chini sana. Kwa hiyo asubuhi ya Juni kule Njombe au Makete, mtungi unaokaribia kwisha unaweza kuwaka kinyonge, na saa sita ukachangamka. Ukipika muda mrefu kwa moto mkubwa, maharage au makande, mtungi mdogo hutoa jasho na hata kuganda barafu nje. Ni jambo la kawaida. Punguza moto, uupumzishe. Usiupashe kwa maji yanayochemka wala usiusogeze karibu na moto.

Na tafadhali, usiulaze mtungi wala kuupindua ili "kukamua" gesi ya mwisho. Najua karibu kila nyumba inafanya. Mtungi ukilala, kinachoingia kwenye regyuleta ni kimiminika chenyewe, na tone lake moja likifika kwenye moto linapanuka kwa zaidi ya mara mia mbili. Moto uliokuwa wa kuchemshia chai unakuwa wa kufika darini. Gesi iliyobaki kwa robo siku haina thamani hiyo.

Mtungi ukiwa na gesi, mpira umenyooka, joto lipo na moto bado mdogo, au kinyume chake moto wote unaruka na kuvuma, basi ni regyuleta. Itazame uone kitundu kidogo juu yake cha kupumulia. Nyigu hukiziba kwa udongo, na unaweza kukifuta kwa nje. Zaidi ya hapo usiifungue. Ndani ina utando wa mpira na springi iliyopimwa kiwandani, haikazwi kwa kubahatisha. Nunua nyingine, na iwe ya jiko la nyumbani. Zile za majiko makubwa ya chipsi na ya shughuli hutoa msukumo mkubwa mno kwa jiko la pleti.

Halishiki moto, au linashika na kuzimika

Likikataa kutoa cheche, tazama kama supu imemwagikia kile kijiti cheupe cha kauri kando ya kichomeo. Kifute na kukikausha. Kama jiko lina betri, badilisha na usugue kutu kwenye vibati vyake. Cheche ikiruka pembeni badala ya kufika kwenye kofia, basi kauri imepasuka au kofia imekaa upande. Wakati unatafuta kipuri, tumia kibiriti: kiwashe kwanza, ukisogeze, ndipo ufungue gesi. Kufungua gesi halafu kuanza kutafuta kibiriti ndiko kunakounguza nyusi na mikono ya watu.

Likishika moto na kuzimika ukiachia swichi, hasa kwenye oveni, kuna kijiti kingine, cha chuma, kinachokaa ndani ya ulimi wa moto. Mafundi wanakiita themokapo. Kikipata joto hutengeneza umeme kidogo sana unaoishikilia vali ya usalama iwe wazi. Kikipoa, gesi inajikata. Bonyeza swichi kama sekunde kumi kabla ya kuiachia. Haikusaidia? Sugua ncha yake taratibu kwa msasa laini, hakikisha inaguswa na moto, na kaza kidogo nati ya upande wa pili kwa mkono na robo mzunguko wa spana. Ikigoma, nunua nyingine. Usikubali fundi aiondoe ili jiko "liwake tu": kazi yake ni kufunga gesi upepo unapouzima moto na wewe uko chumbani.

Swichi iliyo ngumu kuzunguka imekauka grisi. Vali yake ina koni ya shaba iliyosagwa kuingia kwenye nyumba yake mwenyewe, na ya pleti hii haifai kwenye ile. Kazi hii ninamwachia fundi, lakini nasimama pale. Namtaka atumie grisi ya vali za gesi inayostahimili joto, si mafuta ya kupikia wala ya cherehani, na azifungue moja baada ya nyingine asizichanganye.

Majiko ya kioo yana la kwao. Sufuria pana ya pilau inayofunika pleti na kuzidi inarudisha joto chini, na kioo kinapasuka. Kikipasuka hata ufa mmoja, usipikie.

Kabla ya kupika tena

Baada ya tengenezo lolote, hata la kubadilisha mtungi tu, rudia povu kwenye kila ulichogusa. Kisha washa pleti zote kwa pamoja, moto mkubwa, dakika tano, ukiwa umesimama hapo. Zishushe hadi moto mdogo kabisa, uone kama kuna inayozimika. Mimi humaliza kwa kuandika tarehe ya mpira mpya kwa maka peni kwenye ukuta nyuma ya mtungi, kubwa, kila anayepika aione.